Njiwa Walionukia Asali

Siku mashine ya kutarizi iliposhushwa stesheni ya Itigi, watu waliilia kwanza, ndipo wakaiuliza jina. Ilikuwa imekuja ndani ya sanduku refu la mbao, limefungwa kamba kotekote, na wapagazi walilishusha kwenye behewa taratibu, vichwa vimeinama, kwa kuwa lilikuwa zito. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga wakaona vichwa vilivyoinama na sanduku refu. Wakaweka sinia zao chini, wakajifunga kanga viunoni, wakaangua kilio. Mmoja alilia vizuri mno, mpaka abiria wa daraja la tatu wakachungulia madirishani kuuliza marehemu alikuwa nani.

"Alikuwa mtu wa watu," akajibu, bila kumjua.

Zefania akaja mbio kutoka upande wa mizani, kofia mkononi. "Jamani nyamazeni! Hiyo ni mashine ya mke wangu."

"Pole sana, shemeji," akaambiwa. "Iliugua muda mrefu?"

Ndivyo mashine ilivyoingia Itigi. Na ndivyo Eliana, mke wa Zefania, aliyeitwa Mama Alute kwa jina la mwanawe wa kwanza, alivyokuwa mwanamke wa kwanza mji ule kupewa pole na hongera kwa mzigo mmoja.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mitumba ilikuwa imejaa mpaka mbuzi wanalalia makoti ya Ulaya, vibanda vya video vilikuwa vinachipuka kama uyoga, na reli ilikuwa inapunguza wafanyakazi wake. Zefania alikuwa amepunga bendera ya kijani kwa treni tangu ndevu zake zikiwa manyoya ya kifaranga, naye akapunguzwa. Wakampa mafao yake, wakamshika mkono, wakampokonya bendera.

Sasa, mafao ya mtu aliyezaliwa Mungaa hayana mjadala. Yana miguu minne, yana pembe, na yanalia mbuu. Ukoo mzima ulikuwa unangojea ng'ombe. Lakini Zefania alikuwa na jambo lake moyoni, nalo lilitokana na macho ya mkewe.

Eliana hakusoma. Baba yake alimpa mbuzi wa kuchunga wakati wenzake wanapewa ubao, akakulia nyuma ya mikia. Lakini sindano aliijua. Vitambaa vya viti vyake vilikuwa vimelaliwa na migongo ya wakubwa wote waliowahi kupita Itigi. Alitarizi majogoo ambao majogoo wa kweli walikuwa wanawachokoza. Alitarizi ua moja kwenye pazia la nyumba ya mganga, na mganga akalimwagilia maji mwaka mzima. Halafu macho yakaanza kumchoka. Tundu la sindano likawa linahama. Siku moja alikaa kutarizi kitambaa cha meza akiwa amekipakata, akaja mgeni mheshimiwa, akainuka kumwamkia, na kitambaa kikainuka naye, na gauni pia likainuka, kwa kuwa alikuwa ameshona vyote pamoja. Mgeni aliangalia dari. Eliana alicheka siku ile mpaka akakaa chini, ila Zefania alimwona baadaye nyuma ya jiko, ameshika ile sindano, anaitazama kama mtu anayeangalia picha ya ndugu aliyehama.

Basi Zefania akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Ng'ombe wote wa Mungaa wakageuka kuwa mashine moja, ya mtumba, inayotarizi yenyewe kwa kompyuta.

Habari zilifika Mungaa kabla sanduku halijafunguliwa. Theodora, dada mkubwa wa Zefania, akaja. Huyu ndiye aliyemlea Zefania baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza njiani. Alikuwa na sauti ambayo akiita ndama wake Mungaa, ng'ombe wa Mtinko wanageuka. Zefania hakuwahi kuogopa garimoshi linalokuja, lakini alipomwona dada yake akiteremka kwenye lori la chumvi mkono wake ulitafuta bendera waliyompokonya, apunge nyekundu.

"Shikamoo, dada."

"Sikuja kuamkiwa. Nimekuja kuwaona ng'ombe wangu. Wako wapi?"

Zefania akaonyesha mlango wa chumba. Theodora akaingia. Akaizunguka mashine polepole, akaipiga makofi ubavuni, akainama akachungulia chini yake.

"Inakamuliwa wapi?"

"Haikamuliwi, wifi," Eliana akasema. "Inatarizi."

"Ikizeeka tunakula sehemu gani?"

"Karibu uketi kwanza, wifi."

"Nitaketi nikishaambiwa. Ikifa, ngozi yake inatandikwa?"

Hakuketi. Alisema yake akiwa amesimama. Alikuwa ameshaongea na Philipo, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye alikuwa anafungua duka la ushonaji Singida mjini na alikuwa tayari kutoa mitamba iliyonona badala ya mashine. Ng'ombe wangekwenda Mungaa, na Zefania na mkewe wangewafuata. Chumba kilikuwa tayari, kati ya zizi la ndama na jiko la Theodora. Alishakipaka udongo kwa mikono yake.

"Wewe, wifi, utatwanga uwele," akamwambia Eliana. Halafu, kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Kutwanga hakutaki macho."

"Mwalimu Chediel amenipa kazi," Eliana akasema. Chediel alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. "Nguo za kwaya nzima. Njiwa kifuani kwa kila mwimbaji, na njiwa mkubwa kwenye joho lake mwenyewe. Watavaa Sikukuu ya Mavuno. Ningojee mpaka hapo."

"Vitu vya mashine vinafumuka. Unavuta uzi mmoja, njiwa anakuwa kamba."

"Havitafumuka."

Theodora akamtazama sana. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwizi wa haki. "Haya. Nitakuja Mavuno. Philipo atakuja na mitamba yake, aifunge pale pale kanisani. Wavae wote, waimbe mpaka wimbo wa mwisho. Nikiona njiwa mmoja amefumuka, au mwimbaji mmoja ameivua nguo yako, Philipo anabeba mashine na ninyi mnabeba godoro. Wakimaliza wote wamevaa, sitasema neno tena."

"Sawa, dada," akasema Zefania, kabla mkewe hajafungua kinywa.

Mashine ilitaka umeme, na umeme wa mtaa ule ulikuwa wa Gasto, mwenye jenereta na kibanda cha video. Wakaiweka kibandani, nyuma ya kiti cha mwisho. Mchana ilikuwa ya Eliana, jioni kibanda kilirudi kwa wapiganaji wa kwenye televisheni. Vijana wasio na kiingilio waliichungulia kupitia nyufa, wakasema sindano ile inarusha ngumi kuliko mwigizaji yeyote.

Kuja kumfundisha alikuja Belinda, binti wa dukani Dar es Salaam iliponunuliwa mashine. Alivaa suruali na kutafuna pipi ya mpira, lakini alipiga goti kabisa kuamkia, na Eliana akamsamehe suruali.

"Shikamoo, Mama Alute. Tuanze na hii." Akatoa kisahani bapa cha plastiki cheusi. "Hii ni disketi. Ndani yake kuna njiwa wako."

Eliana akaitikisa karibu na sikio. "Amelala?"

"Hamna picha humo, mama. Mna maagizo tu. Kuna fundi Dar amekaa kwenye kompyuta akamchora njiwa mshono kwa mshono. Disketi inaiambia sindano ichome hapa, iende pale, isimame, ibadilishiwe rangi."

"Kumbe kwaya. Disketi ndiye mwalimu, sindano ndiye mwimbaji."

"Ndiyo, mama!"

"Na yule anayerusha mikono mbele bila kushika kazi yoyote, ni kifaa gani?"

Belinda akafikiri. "Huyo hayupo."

"Basi ni kwaya nzuri," akasema Eliana.

Akamfundisha fremu, yale maduara mawili yanayoingiana na kubana kitambaa katikati. Eliana akakipiga kidole, kikalia kama ngoma, akaridhika. Kitambaa kikilegea kwenye fremu, njiwa anatoka na kibyongo. Nyuma ya kitambaa inakaa karatasi ngumu ya kukitegemeza, maana sindano ikichoma kwa kasi ile kitambaa kitupu kinajikunja chote.

"Ni uti wa mgongo," Eliana akasema. "Asiye nao anajikunja. Nina mmoja nyumbani, ukimleta dada yake tu unamwona anavyojikunja."

Kisha mishono yenyewe. Kwanza mashine inapita na mishono michache ya chini, ya kutandika, ambayo haitaonekana. Eliana akaiita godoro. Juu ya godoro inakuja mishono ya kujaza, inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama jembe la ng'ombe shambani, na hiyo akaiita kulima. Pembeni mwa bawa ikapita mishono iliyolala sambamba, karibu karibu, inang'aa.

"Hii ni satini," akasema Belinda.

"Hii ni mlenda. Tazama inavyoteleza."

Kutoka jicho kwenda mguu sindano iliruka na kuacha uzi hewani, uzi wa kukatwa kwa mkasi baadaye, na huo ukawa panzi. Belinda alicheka mpaka akameza pipi yake. Mwisho akaonyesha bobini, kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini bila kuonekana.

"Uzi wa chini ukionekana juu, mama, ujue wa juu umekazwa kupita kiasi. Unaulegeza kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini wa juu wakalegezwa? Wewe binti usiyaseme hayo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji."

Siku ya kuondoka, Belinda akiwa na mguu mmoja ndani ya behewa, aligeuka akasema, "Mama Alute, njia ya uzi usitie kitu chochote. Chochote kabisa!" Treni ikapiga honi, Eliana akapunga kanga.

Sasa, jua la Itigi mnalisikia tu. Ukianika shuka kiangazi linakauka kabla hujabana kibanio cha pili, na ukichelewa linapasuka. Nyuzi zile zilikuwa zimezoea jasho la Pwani. Zilipofika Itigi zikakauka kama majani ya mahindi. Njiwa wa kwanza alifika shingoni, uzi ukakatika. Mashine ikasimama, ikalia pii, pii, pii. Eliana akatunga upya, sindano ikapiga mara chache, pii. Jioni wapiganaji wa Gasto walipokuja kudai kibanda, kwaya nzima ilikuwa na njiwa mmoja, tena hana miguu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Eliana aliibembeleza mashine, akaitukana kwa Kinyaturu, akaibembeleza tena. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakuja na miguu yake yote.

Akakaa mlangoni, shavu kiganjani, akauona uwele. Hakukuwa na uwele pale, lakini yeye aliuona, umejaa kinu, na mchi umesimama unamngoja.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila mshonaji wa mkono wa nchi ile analijua, hata mshona viatu wa sokoni: uzi mkavu unavutwa juu ya nta. Ukipita kwenye nta unakuwa laini na hautoki nyuzinyuzi. Na nta haikuwa mbali. Zefania, kama kila mwanamume mwenye akili aliyewahi kuishi karibu na vichaka vya Itigi, alikuwa na mizinga yake juu ya miti, na nyuma ya mlango wa nyumba yake lilikuwepo kopo la nta.

"Belinda alisema usitie kitu chochote," Eliana akaiambia mashine. "Nta si kitu chochote. Nta ni nta."

Akalifunga donge zuri la nta pale uzi unapotoka kwenye kikonyo kinachoushika, kabla ya kuingia kwenye visahani vya kukazia, vile viwili vidogo vinavyoubana uzi wa juu. Akabonyeza. Sindano ikaanza. Ikatandika godoro, ikalima bawa moja, ikalima la pili, ikapaka mlenda, ikaruka panzi, ikashuka mpaka kucha za miguu, na haikulia hata pii moja. Eliana akapiga kigelegele peke yake ndani ya kibanda cha video, na Gasto akaja mbio akidhani televisheni imeibiwa.

Kuanzia hapo njiwa walitotolewa. Kila jioni Eliana alirudi nyumbani na nguo begani, mikono inateleza kwa nta. Siku moja Zefania akainua shati la kwaya, akalinusa. Akalinusa tena.

"Mama Alute. Umetumia nta ipi?"

"Ya kwenye kopo."

"Ile sijaiyeyusha wala kuichuja. Ile ina asali bado."

"Basi watakuwa njiwa watamu."

Nyuki mmoja akaingia dirishani. Akatembea juu ya bawa la njiwa, akatembea mpaka mdomoni, akasimama pale kama anayesoma. Kisha akaruka, akatoka.

"Huyo," akasema Zefania polepole, "ni mpelelezi. Amekwenda kuwaambia wenzake."

"Baba Alute, unataka kwenda Mungaa?"

Zefania akatazama ukuta. Kwa mbali, ndani ya kichwa chake, sauti iliita ndama.

"Alikuwa anapita tu," akasema. "Nyuki wanapita."

Joho la Mwalimu Chediel lilikuwa la mwisho. Mwalimu alikuwa ameagiza njiwa wake awe mgongoni, tena mkubwa kuliko wote, kwa sababu kiongozi wa kwaya huwapa watu mgongo na yeye hakutaka mgongo wake ukae bure. Njiwa yule alikuwa mabawa matupu, kulima toka bega hadi bega. Donge zima la nta liliishia pale. Mashine ilipomaliza visahani vyake vilikuwa vimegandamana, na haikutaka kushona tena hata mshono mmoja. Eliana akaifunika kwa kanga kama mzazi aliyejifungua, akaenda kuoga.

Theodora alifika Ijumaa, na Philipo akafika naye, akiswaga mitamba. Aliifunga kwenye miti ya uzio wa kanisa, ikakaa pale inacheua majani makavu na kunya, na jua likakausha kila ilichokiangusha.

Jumapili watu walijaa uwanjani nje ya kanisa, maana kanisa halikuwatosha wao na kuku wao na magunia yao ya sadaka. Theodora alikaa mbele kabisa kwenye kigoda chake, alichokuja nacho toka Mungaa ili asiazimwe kitu na mtu. Macho yake hayakwenda kwa mchungaji. Yalikuwa kwa njiwa.

Kwaya ikapanga mistari. Nguo nyeupe, njiwa wa buluu wakimeta kwenye jua, na watu wakaguna kwa uzuri ule. Hata Theodora aliguna, halafu akakohoa, ionekane alikuwa anakohoa.

Lazima ijulikane kwamba Mwalimu Chediel, hata siku ambazo hakuna nyuki, aliongoza kwaya kama mtu anayefukuza nyuki. Mikono ilikwenda kila upande, na kila mwimbaji alichagua mkono wa kufuata. Sauti ya kwanza ilifuata wa kulia, ya nne ilifuata wa kushoto, na zilikuwa zinakutana mwisho wa wimbo kwa bahati. Wimbo wa kwanza ukapita hivyo. Jua likapanda. Wimbo wa pili ukaanza, na nta ikaanza kulainika kwenye mgongo wa mwalimu na vifua vya waimbaji, harufu ikatoka, tamu, nzito, ikapita juu ya paa la kanisa ikaelekea vichakani.

Wakaja. Kwanza wachache. Halafu anga upande wa vichaka likawa na kitu kama moshi, na moshi ule ulikuwa unaimba sauti ya nne kuliko sauti ya nne yenyewe.

Walitua kwa njiwa mkubwa. Mwalimu Chediel hakuona, yeye alikuwa anakabili kwaya. Watu ndio walioona. Njiwa wa buluu akageuka kahawia, akavimba, manyoya yake yakaanza kutembea.

"Njiwa wa mwalimu anapumua!" akapiga kelele mama mmoja, na nusu ya uwanja wakapiga magoti.

Kisha wakaenea kwenye vifua vya waimbaji. Kijana wa sauti ya nne akaona kifua chake kinanguruma, akafumbata ukosi wa shati kwa mikono miwili, avue.

Theodora akaruka kutoka kwenye kigoda. "Anavua! Mmeona? Anavua! Philipo, fungua mitamba!"

Eliana hakukumbuka jinsi alivyofika mbele. Alijikuta kati ya Mwalimu Chediel na kwaya, mikono ameishusha mapajani kama askari.

"Usivue!" akamwambia yule kijana. "Hawakukufuata wewe, wamefuata asali, na asali nimeitia mimi. Ukitulia watalamba na kuondoka. Ukipunga mkono hata mmoja, tunakuzika leo. Imbeni!"

Kijana akaachia ukosi. Mikono ya Mwalimu Chediel ilikuwa imeganda hewani, nyuki wawili kwenye kila kidole.

"Mama Alute," akanong'ona bila kufungua midomo, "mgongoni kwangu kuna nini?"

"Shusha mikono pole pole, mwalimu."

"Kuna nini mgongoni kwangu?"

"Neema," akasema Eliana. "Usiiguse."

Wakaimba. Hakuna aliyewaongoza. Hakuna aliyepumua zaidi ya alivyohitaji. Kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kufuata, kila mmoja alimsikiliza jirani yake, kwa mara ya kwanza tangu kwaya ianzishwe, na sauti zote zikaingiana kama maduara ya fremu na kubana wimbo katikati. Wapo wanaoapa kwamba garimoshi la mizigo lilisimama lenyewe kusikiliza. Hata nyuki walishusha sauti.

Aliyepunga alikuwa mmoja tu. Theodora alivua kanga yake ya juu akawapiga nayo kushoto na kulia, akiwaamuru warudi kwao. Nyuki hawajazoea kuamriwa. Mmoja akampiga mdomo wa juu, mwenzake wa chini, wa tatu shavuni. Wengine wakaiendea mitamba ya Philipo, ambayo ilikata kamba zote kwa pamoja ikashika njia ya kaskazini, mikia juu, na Philipo nyuma yake na kiatu kimoja.

Zefania alikuwa ameshafika kwenye uzio. Hakuwafuata ng'ombe. Alikuwa anaokota walichoacha. Mavi makavu ya siku mbili, hayana mfano kwa moshi. Akayarundika juu ya bati, akawasha kiberiti, akapuliza, moshi mzito mweupe ukasimama. Akaanza kwa dada yake. Akamfukizia toka kichwani mpaka miguuni, akikohoa, akisema, "Tulia, dada. Tulia. Leo nakuomba utulie." Na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumpa amri. Theodora akatulia. Kisha Zefania akapita mbele ya kwaya na bati lake, mstari kwa mstari, mpaka kwa mgongo wa mwalimu, na nyuki mmoja mmoja wakajikung'uta wakaondoka na utamu wao.

Wimbo wa mwisho uliimbwa ndani ya moshi wa mavi ya ng'ombe, wote wamevaa. Mwalimu Chediel alikuwa bado ameshusha mikono. Baada ya siku ile hakuirusha tena.

Theodora akainuka. Mdomo wake ulikuwa umevimba kama andazi lililotiwa hamira mara mbili. Alikwenda kwa mwimbaji wa kwanza, akalishika bawa la njiwa kwa kucha, akavuta. Akaenda kwa wa pili, akavuta. Alivuta njiwa wote, mpaka wa mgongoni, na uzi ulikuwa umegandana na nta, hata kwa koleo usingechomoka. Eliana alikuwa amesimama palepale mbele ya kwaya.

Theodora akafungua kinywa kutoa hukumu. Ile sauti ya kugeuza ng'ombe wa Mtinko ikatoka kama mtoto anayelia ndani ya gunia. Akajaribu tena. Akaacha. Akatazama kaskazini, ambako vumbi la mitamba ya Philipo lilikuwa bado linaonekana. Akaitazama kanga yake mkononi, akaikung'uta, akaikunja vizuri, akamwekea Eliana kifuani. Akagusa pembe ya kanga kwa kidole: hapa. Kisha, kwa taabu kubwa, akasukuma maneno nje ya ule uvimbe.

"Njiwa," akasema. "Asiwe na asali."

Mashine ilipona. Belinda alirudi, akafungua visahani vya kukazia, akatoa kitu cha manjano kilichoganda, akakinusa.

"Mama Alute, hii ni nini?"

"Uliza mwalimu wa kwaya. Yeye anaijua kwa jina."

Eliana alitarizi kwa miaka mingi baada ya hapo, jicho moja likiwa limefifia kabisa na la pili likimsimamia mwenzake, na hapakuwa na harusi kutoka Manyoni hata Misigiri isiyolalia shuka lake. Zefania alirina mizinga, akawa anachuja nta yake vizuri. Na ndani ya kile chumba cha Mungaa, kilichopakwa udongo kwa mikono ya Theodora, alilazwa ndama.